Mtaa Usio na Ila

Hapo juzijuzi, si zamani wala si kale, palikuwa na nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Naogopa sana. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukiiona, basi ikunje ramani hiyo upesi uirudishe ulipoitoa.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna mtaa uitwao Tulizana, na Tulizana ndio mtaa salama kuliko yote duniani. Hilo si la kubishaniwa, maana lilipimwa. Alilipima mwenyewe Mheshimiwa Daktari Makwaru, Waziri wa Utulivu na Majibu Mazuri. Wapimaji wa nchi nyingine huhesabu wizi, huhesabu visu, huhesabu maiti, kazi ya kuchosha na ya kutia kichefuchefu. Daktari Makwaru alikuja na njia yake. Alivaa suti nyeupe, akashuka kwenye gari, akapita mlango hadi mlango akiuliza, "Habari za hapa?" Na watu wa Tulizana, ambao wamelelewa wakaleleka, wakamjibu kama anavyojibu mtu yeyote mwenye adabu zake: "Salama, mheshimiwa." Karani akawa anaandika: salama, salama, salama. Hadi jua linapinda, Tulizana ilikuwa salama asilimia mia moja. Mtaa wa jirani, ambako mzee mmoja alikuwa msalani hakujibu, uliambulia tisini na tisa, na mjumbe wao akavuliwa ujumbe.

Sasa, mimi na wewe tunajua tunavyojibu salamu. Mtu aliyefiwa asubuhi, ukimuuliza habari, atakwambia nzuri. Kwanza nzuri, ndipo mengine. "Salama, ila jana wamemvunjia jirani." "Salama, ila kijana wetu wamemchoma kisu kwa ajili ya simu." Ile salama ni mlango tu, na habari yenyewe imekaa ndani, nyuma ya ila. Karani aliandika mlango akaiacha nyumba.

Mambo yakaharibika pale wafadhili walipomleta mtaalamu wao, mzungu mmoja ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amejifunza lugha hadi ukurasa wa viunganishi. Huyo akazisikiliza sentensi za watu hadi mwisho. Mheshimiwa akaumbuka mchana kweupe. Akarudi ofisini, akafungua kamusi, akakodoa macho. Ila, ilisema kamusi, ni kasoro, ni dosari, ni doa.

"Kumbe!" alinguruma bungeni kesho yake, meza zikipigwa. "Kumbe tatizo la Tulizana si wezi, waheshimiwa! Tatizo ni ila! Tukiiondoa ila, tutabaki na mtaa usio na ila! Nani anapinga?"

Nani apinge, jamani? Sheria ya Kutokomeza Ila ilipita kabla ya chai, na pamoja nayo wakakamatwa ndugu zake wote: lakini, isipokuwa, bali, na yule mjanja ajiitaye "tatizo ni kwamba". Kikaundwa Kikosi cha Viunganishi, askari wa bereti za kijani waliochaguliwa kwa ukubwa wa masikio. Aliyesikika akiitamka ila alipakiwa kwenye karandinga kwenda Kuongezewa Msamiati. Wachache waliorudi, walirudi na neno moja. Mimi mwenyewe, kuanzia hapa, sitalitumia neno hilo kwa ridhaa yangu. Nikilitaja, ujue namnukuu mtu mwingine.

Basi alikuwapo msusi mmoja, Sikudhani, na binti yake Tunu, ambaye alikuwa katika umri ule wa kung'oka meno ya mbele. Walipanga mtaa mwingine kabisa, hadi serikali ilipogundua kwamba msafara wa Rais hukata kona pale, na kona humchafua Rais tumbo. Ikaamuliwa kona inyooshwe. Nyumba ya kina Sikudhani ilikuwa ndani ya kona. Wakaambiwa Jumamosi tingatinga linakuja, likute watu au lisikute.

Sikudhani alizunguka mji mzima hadi kandambili zikalika upande. Kwingine kodi ilimtoa mbio kabla hajakaribishwa ndani. Ndipo dalali mmoja, Kishindo, mtu wa maneno mengi na miwani isiyo na vioo, akamwambia kuna chumba Tulizana, kikubwa, kina dirisha, kwa kodi ya kuchekesha. Sikudhani hakucheka. Mwanamke anayelea mtoto peke yake mjini, akisikia rahisi, huuliza kwa nini.

"Mbona bei ya chini hivyo?" aliuliza walipofika.

"Dada yangu, unalalamikia unafuu?"

"Silalamiki, nauliza. Aliyekuwa akikaa humu yuko wapi?"

"Alikuwa mwalimu. Kaenda kuongeza masomo." Kishindo akatazama nyuma ya bega lake. "Ghafla."

Chumbani palikuwa na kitanda, vipande vya chaki, na sufuria ya ugali uliokauka, mwiko ukiwa umesimama katikati. Sikudhani aliutazama ule mwiko. Mtu anayekwenda masomoni husonga ugali wake akaumaliza, au hausongi kabisa.

Akafanya linalofanywa na kila mpangaji mwenye akili: akamshika Tunu mkono, akatoka kuwauliza majirani. Alianza na muuza genge.

"Habari za hapa, kaka?"

"Salama."

Sikudhani akasubiri. Alimwachia nafasi, maana tangu azaliwe, baada ya hapo hufuata kitu. Safari hii hakikufuata kitu. Yule bwana alibaki mdomo wazi na nyanya mkononi, mishipa ya shingo imemtoka, kisha ule mdomo akaugeuza ukawa mwayo. Sikudhani akaenda kwa mshona viatu. Mshona viatu alisema salama, akang'ata uzi hadi ukakatika. Akarudi hadi mlango wa pili wa nyumba ile ile, ambako bibi mmoja mwembamba, Bi Havijawa, alikuwa akimenya vitunguu kibarazani.

"Shikamoo, bibi. Nataka kupanga hapa, mimi na mwanangu. Niambie ukweli wa mama kwa mama. Huku kukoje?"

Bi Havijawa alimtazama Tunu kwa muda. Macho yakamjaa maji, na vitunguu havikuwa vikali kiasi hicho.

"Salama, mwanangu, i..."

"I?"

Askari mwenye bereti ya kijani alikuwa ameegemea nguzo ng'ambo ya barabara, akitafuna muwa, sikio lake moja limewaelekea wao. Jina lake Koplo Sudi.

"I... inshallah," alimalizia Bi Havijawa, akashikwa na kikohozi.

Hapo Sikudhani aliacha kuuliza. Watu wakiwa hawasemi, alijiambia, basi mtaa utasema. Akaangalia. Balbu za barazani zilifungiwa ndani ya vizimba vya nondo, kana kwamba ni za kwanza kushukiwa. Kamba za kuanikia nguo zilikuwa tupu, na chini ya milango maji ya nguo zilizoanikwa ndani yalikuwa yakichuruzika. Na kwenye kila kizingiti, mtaa mzima, palikuwa na kandambili moja. Moja tu.

"Mama," alinong'ona Tunu, "watu wa huku wana mguu mmoja?"

Kila alichokiona Sikudhani kilimwambia kimbia, na kila mtu alimwambia salama. Angekimbia, wallahi. Tatizo lake lilikuwa siku yenyewe, Ijumaa. Tingatinga lilikuwa jambo la hakika, lina matairi na dereva, na hofu ya Tulizana ilikuwa bado haina jina. Akamlipa Kishindo. Ule ugali aliutupa mwenyewe, akiwa amegeuza uso.

Walihamia Jumamosi. Jioni, akiwa anawasha jiko ndani, Sikudhani alisikia mtu akikwaruza mlangoni. Akachungulia. Bi Havijawa, kwa umri wake ule, alikuwa ameinama kizingitini, ameishika kandambili moja ya Sikudhani.

"Ebo! Bibi! Yaani wewe ndiye mwi..."

Hakumaliza. Bi Havijawa alimziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu. "Salama," alimkaripia. "Salama, salama!" Akairusha ile kandambili ndani ya chumba, akaacha mwenzake pale nje, akaenda zake akihema.

"Huyu bibi hazimtoshi," Sikudhani alimwambia Tunu, na akacheka kidogo ili mtoto asiogope.

Magharibi ilikuwa imepita tu, hata wali haujakauka maji, aliposikia sauti ya mwanamke kutoka mwisho wa mtaa. "Salamaaaa!" Nyingine ikaipokea, karibu zaidi. "Salamaaaaa!" Ikaja mlango kwa mlango, wanaume kwa wanawake.

"Unasikia, Tunu?" alisema Sikudhani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo ukamtulia. "Watu wa huku wana adabu. Wanasalimiana hata kwa mbali."

Naye, kwa kuwa hakulelewa porini, akafungua mlango, akatoa kichwa, akaitika kwa furaha: "Salamaaa! Habari za jioni!"

Mtaa ulikuwa mtupu. Kuku hayupo, taa zimezimwa zote. Katikati ya barabara walikuwa wakija vijana, kundi zima, mapanga mkononi. Hawakimbii, hawajifichi. Walitembea kwa starehe kama watu waliotumwa dukani. Mmoja akampungia mkono.

"Salama, dada! Tunakuja!"

Lahaula! Sikudhani aliubamiza mlango, akapiga komeo, akaburuta kitanda kuelekea mlangoni, akamsukumia Tunu uvunguni, akakaa chini mgongo ukiwa umeegemea mbao za mlango. Komeo likaanza kutikisika, na kila lilipotikisika alilisikia kwenye uti wa mgongo.

"Fungua bwana," ilisema sauti nje, kwa upole kabisa. "Si umesema salama?"

Alitaka kupiga yowe la mwizi. Koo likakumbuka kabla yake. Katika mtaa usio na wezi, anayetaja mwizi anauchafua mtaa, na hupakiwa. Akipakiwa yeye, Tunu atabaki na nani? Basi alivuta pumzi yote aliyokuwa nayo akapiga yowe la lile neno moja lililoruhusiwa: "Salamaaaaaaa!" Na kutoka nyuma ya milango yote majirani wakaitika, wakigonga masufuria, salama juu ya salama, hadi wale vijana wakachoshwa na kelele wakahamia nyumba ya mbele. Huko komeo lilikuwa bovu. Sikudhani alisikia kila kitu, maana alikuwa amemvuta Tunu kutoka uvunguni akamziba masikio, hakubakiwa na mikono ya kuziba yake.

Kikosi cha Viunganishi kilikuwapo kwenye kona ya mtaa muda wote huo, kikisikiliza kwa makini. Taarifa yake kwa Mheshimiwa ilieleza kwamba wakazi wa Tulizana walisikika wakitamka salama kwa hamasa isiyo ya kawaida.

Asubuhi ndoo ambayo Sikudhani aliisahau nje haikuwapo. Kandambili moja ilikuwa pale pale, maana nani aibe kandambili ya mguu mmoja? Alisimama akiitazama, aibu ikampanda hadi masikioni. Akaenda kwa Bi Havijawa, akapiga magoti akamshika miguu, na yule bibi akamfunza kwa kunong'ona yote ambayo dalali hakuyasema. Salama ya Tulizana ina urefu wake. Fupi, iliyokatwa, ndiyo salama ya kweli: kaa, kula, lala. Ndefu ni mapanga. Ya puani ni bereti za kijani. Sikudhani akamfundisha Tunu, akamfundisha tena, hadi mtoto akawa anaweza kupiga komeo mwenyewe gizani akisikia ndefu, na kutulia alipo akisikia fupi ya mama yake.

"Na yule mwalimu, bibi?"

"Alikuwa mwalimu wa lugha," alinong'ona Bi Havijawa. "Alifika somo la viunganishi."

Ule ulikuwa ndio usalama wenyewe, na mtu huzoea. Sikudhani alizoea kulala amekaa, mgongo mlangoni. Alizoea kusuka huku akisikiliza. Jambo moja hakulizoea: siku ile Bi Havijawa alipoulizwa habari na mpita njia, akasema "Salama, i...", na inshallah yake ikachelewa. Koplo Sudi alimpandisha karandinga kwa heshima zote, akimwita bibi, akimshikia fimbo yake. Vitunguu vilibaki kibarazani vimemenywa nusu. Sikudhani alikuwa mlangoni, kichwa cha mteja mikononi mwake. Alimshika Tunu bega akamwingiza ndani. Usiku huo alilia kanga ikiwa mdomoni.

Haikupita hata juma, Kishindo akaja na mpangaji mpya wa chumba cha Bi Havijawa. Mwanamke kijana, Siwatu, mtoto mchanga mgongoni, kigauni kimemwagikiwa uji.

"Bei hii ya kweli?" Siwatu alikuwa akiuliza. "Aliyetoka kaenda wapi?"

"Bibi mmoja. Kaenda kuongeza masomo."

Siwatu alimtazama. Kisha, kama mwenye akili, akamwacha dalali akamwendea Sikudhani, aliyekuwa akimsuka mtu kibarazani. Koplo Sudi akaacha kutafuna muwa.

"Habari za hapa, dada? Niambie kweli. Nina huyu mgongoni."

Maneno yalimjaa Sikudhani kinywani. Akatazama bereti, akatazama mtoto mgongoni, akatazama Tunu aliyekaa miguuni pake akichezea nyuzi.

"Salama," alisema, na akairefusha kidogo mwishoni, kadiri alivyothubutu. Siwatu hakujua urefu. Akatabasamu.

"Salama, ila..." alisema Tunu.

Muuza genge akaangusha mizani. Kishindo akavua miwani yake isiyo na vioo ili asione. Koplo Sudi tayari alikuwa amesimama mbele yao, akipangusa mikono.

"Nani kasema?"

"Mtoto, afande," Sikudhani alisema, na sauti haikuwa yake. "Anasema kila. Salama kila siku. Ndivyo ninavyomfundisha. Angalia, hana meno, K haitoki."

"K haitokei kwenye meno, mama. Inatokea kooni. Tulisoma chuoni." Koplo akachuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Binti, sema kila."

Tunu akamtazama mama yake. Sikudhani alikuwa ameshaamua: likitoka vibaya, atalisema yeye kwa sauti kubwa, apakiwe yeye.

"Kila," alisema Tunu.

"Haya. Sasa nipe sentensi yako yote, tangu mwanzo."

"Salama. Kila siku mama analala amekaa mlangoni."

Koplo Sudi akainua macho juu, midomo ikichezacheza, akiipitia ile sentensi neno kwa neno kama alivyofunzwa.

"Haina kiunganishi kibaya," alisema mwishowe, akasimama. "Sentensi safi. Hongera, mama, unalea."

Sikudhani akamvuta Tunu kifuani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ukweli wote ulikuwa umeshasemwa, hadharani, mbele ya askari, na Siwatu ameusikia. Akamgeukia kwa matumaini. Siwatu alikuwa akimsikiliza Koplo.

"Umesikia, dada?" Koplo alikuwa akimwambia. "Mlangoni! Tulizana watu wanalala milango wazi."

"Jamani!" alisema Siwatu, akashusha pumzi. "Kwetu hata mchana tunajifungia." Akatoa pesa akampa Kishindo.

Jioni ile ile Siwatu alihamia. Magharibi ilipokuwa inaingia, Sikudhani alichungulia akaona alichokuwa akikiogopa: kandambili mbili, pacha, zimepangwa vizuri kwenye kizingiti cha Bi Havijawa. Akamwambia Tunu, "Funga. Nakuja sasa hivi." Akaenda akiwa ameinama, akaokota moja.

Mlango ukafunguka. "Ebo! Dada! Kumbe wewe ndiye mwi..."

Sikudhani akamziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya mafuta ya nywele. "Salama," alimkaripia. "Salama, salama!" Akayaona yale macho juu ya mkono wake yakimwona kichaa, kama yeye alivyomwona yule bibi.

Ndipo sauti ya kwanza ikaja kutoka mwisho wa mtaa. "Salamaaaa!" Ya pili ikaipokea, karibu mno. Na chini ya kiganja chake Sikudhani akahisi midomo ya Siwatu ikitulia, ikitabasamu, ikifunguka ili iitike kama watu wenye adabu.

Hakuondoa mkono. Alimsukuma ndani, yeye na mtoto wake na kandambili yake, akaubamiza mlango, akapiga komeo, akaegemea. Nyayo zilikuwa zimeshafika barazani. Hazikuwa na haraka. Zilisimama katikati ya ile milango miwili, zikichagua. Na ng'ambo ya ukuta, chumbani kwake, alimsikia Tunu akiburuta kitu kizito peke yake, kisha kimya, kisha sauti ndogo ikipenya kwenye ufa.

"Mama? Salama?"

Komeo moja likaanza kutikisika. Halikuwa la mlango alioegemea.

Sikudhani akabana meno, akaikata fupi kadiri alivyoweza.

"Salama."